Asilimia ndogo na njia ya uganga wa meno
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wetu, Butembo)



Matokeo ya Exetat yametoka. Kijana wetu mmoja amepata 52. Alitaka kuwa munganga wa meno. Sasa hatoki tena nyumbani. Baba yake alikuwa karibu kuuza shamba juu ya komisionere mmoja aliyeahidi kumuingiza chuoni. Tulimuzuia. Shamba lile ndilo alilolikuta alipotoka Uganda. Likienda, hana lingine.

Tuseme kweli. Chuo Kikuu cha Kinshasa kinafundisha uganga wa meno, lakini ni mbali, na kwa 52 mlango ni mwembamba. Uuguzi ni kazi nzuri, lakini hauwezi kugeuka uganga wa meno.

Kuko njia ingine, na sisi tunaijua: Kasindi, Mpondwe, Kampala. Pale Mulago kuna diploma ya afya ya meno, miaka 3. Aliyeimaliza anang'oa jino, anaziba, anatibu fizi. Kisha anaweza kujaribu Makerere, miaka 5 ya udaktari wa meno.

Mwenye diploma ya Kongo aanzie UNEB, ipimwe usawa wake. Biolojia na kemia ndizo zitaangaliwa sana. Mbele ya karatasi ile kupatikana, musilipe mtu hata shilingi moja. Na akirudi huku, diploma ya Uganda nayo itapaswa kutambuliwa Kinshasa.

Njia ni ndefu, tunajua. Wenye watoto waliosoma kule, mumuletee kijana yule vitabu vya kemia. Tuanzie pale.