Samaki Wakifa Alfajiri, Tazama Maji Kabla ya Kumtazama Jirani

Leo tutazungumza juu ya malambo na maziwa madogo ya vijijini, yaani maji yale yale mnayonyweshea ng'ombe na kuvulia perege wa kitoweo. Nataka mjue namna ya kuyapima maji hayo na kuwakagua samaki wake kwa vitu mlivyo navyo nyumbani.

Asubuhi moja niliitwa kijiji kimoja huku Usukuma. Nilikuta perege wakubwa wanaelea, matumbo juu. Watu wamejaa ukingoni, lakini hawatazami maji. Wanamtazama mzee mmoja mwenye shamba la pamba upande wa juu wa lambo, kwa sababu jana yake alionekana akipiga dawa. Vijana walikwisha kata shauri: alipe ng'ombe wawili au ahame.

Nikauliza maswali matatu. La kwanza, samaki walionekana saa ngapi? Mama mmoja akajibu, "Saa kumi na moja alfajiri, bwana shamba, nilipokuja kuchota maji. Walikuwa juu juu, wanahema." La pili, wamekufa wepi? Tukatazama: wakubwa wamekufa, wadogo wengi wangali hai pembeni. La tatu, kambare je? Kijana mmoja akainua mtego wake. Kambare wawili ndani, wazima kabisa, wanarukaruka. Na vyura nyasini walikuwa wanalia kama kawaida.

Basi nikawaambia, sumu haina desturi ya kuchagua namna hiyo. Samaki hawa wanaonekana wamekosa hewa.

Sikilizeni sababu yake. Samaki anavuta hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji. Mchana, mwani na majani ya majini hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku hayatengenezi, nayo yanavuta, kama samaki anavyovuta. Kwa hiyo oksijeni huwa kidogo kabisa kabla jua halijachomoza. Kama maji yamekuwa mazito kwa ukijani, na mawingu yamefunika jua siku mbili tatu, akiba ya mchana haitoshi kufikisha asubuhi. Perege wakubwa hutangulia kufa, kwa kuwa mahitaji yao ni makubwa. Kambare yeye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Hutoa pua, akavuta, akarudi chini.

Na hayo hayapati malambo peke yake. Mapema mwaka 1984 na baadaye mwaka 2010, Kenya ilipata vifo vingi vya samaki: mara ya kwanza katika Ghuba ya Nyanza ya Ziwa Victoria, mara ya pili katika Ziwa Naivasha. Huko Naivasha wengi walishuku dawa za mashamba ya maua, lakini wataalamu waliochunguza walieleza kuwa samaki walikosa oksijeni.

Lakini msije mkasema bwana shamba amesema sumu haipo. Ipo. Dawa za wadudu za jamii ya pareto huua samaki hata zikiingia kidogo tu, na utupa mnaujua. Ukiona samaki wanakufa mchana kweupe, wakubwa kwa wadogo, kambare nao, na wadudu wa majini pia, hapo shuku sumu. Ondoa ng'ombe, usichote maji, wala usile samaki hao. Mwite bwana samaki upesi.

Sasa, tupimeje? Chukua mti mnyoofu, upigilie mfuniko mweupe wa kopo kwenye ncha yake, kisha uuchonge alama kila sentimita 10. Saa sita mchana, uzamishe polepole hadi mfuniko usionekane. Ukipotea kabla ya sentimita 20 na maji ni ya kijani, hiyo ni hatari. Ukipotea kati ya 30 na 40, maji ni mazuri kwa perege. Ukionekana hata kupita 60, chakula cha samaki ni haba. Kama maji ni ya rangi ya udongo, kipimo kinakuonyesha tope, siyo mwani. Dawa yake ni kupanda nyasi upande wa juu. Simama nchi kavu au kwenye jiwe, maana malambo mengi yana kichocho.

Pili, nusa tope la ukingoni. Likinuka kama yai viza, uchafu umezidi chini. Tatu, mara moja kwa juma nenda alfajiri utazame kama samaki wanahema juu.

Nne, kila mwezi vua samaki kumi uwakague. Matamvua yawe mekundu, siyo meupe wala ya kahawia. Ngozi isiwe na vidonda wala ukungu kama pamba. Macho yasitokeze, tumbo lisivimbe kwa maji. Perege mwenye kichwa kikubwa na mwili mwembamba ana njaa. Mara nyingi wamezaliana kupita kiasi, basi vueni wapungue. Andika yote katika daftari, pamoja na tarehe.

Ukikuta wanahema, acha kutia chakula na samadi siku hiyo. Kama una mfereji, fungulia maji mapya yaanguke juu ya mawe. Kama kuna pampu, vuta maji ya juu uyarushe hewani. Usivuruge tope. Samaki waliokufa waondoeni, mkawafukie mbali.

Turudi kwa yule mzee. Nilisuuza chupa safi mara tatu kwa maji ya lambo, nikaijaza, nikaifunga. Nikachukua na samaki aliyekuwa bado anahema, maana aliyeoza hasemi kitu. Tukavipeleka kupimwa vikiwa katika barafu. Nikawaomba wanakijiji wasubiri. Majibu hayakuonyesha dawa. Kilichokuwamo ni samadi nyingi iliyosombwa na mvua za kwanza, na samadi hiyo ilikuwa ya ng'ombe wa kijiji kizima, hata wa wale vijana waliotaka kutoza faini.

Mzee tulimwambia asipige dawa karibu na ukingo, wala asioshee bomba lambo. Akakubali. Na kijiji kikachimba josho la kunyweshea pembeni, kikazungushia lambo miiba.

Ndugu wakulima, kumshtaki mtu ni kazi ya dakika moja, lakini kuishi naye ni miaka. Tengeneza kipimo chako juma hili. Kwa leo naishia hapa. Kwaherini.