Mfamasia Aulize Kwanza
Vitabu vya famasia huweka tumbo sura moja, homoni sura nyingine. Mgonjwa huja na yote mawili. Mama anayemeza levothairoksini kwa upungufu wa homoni ya thairoidi anasumbuliwa pia na kiungulia. Ananunua dawa ya kupunguza asidi, anazimeza pamoja asubuhi. Kalsiamu au alumini iliyomo huinasa homoni, isifyonzwe vizuri. Uchovu unarudi, dozi inaongezwa, kumbe dawa hizo zilitakiwa zipishane kwa muda wa saa 4. Na mwenye vidonda vya tumbo huuziwa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuzidisha vidonda hivyo, bila kuulizwa neno! Mwanafunzi wa famasia akae kwenye dirisha la dawa na mfamasia mzoefu, azoee kuuliza: “Mama, unatumia dawa gani nyingine, na unazimeza saa ngapi?” Swali hilo lipewe alama kwenye mtihani wa vitendo.