JICHO LA KAA

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: HOMONI. Wanafunzi, lisomeni pamoja: ho-mo-ni. Vema.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kaa. Mtu akaaye karibu na mikoko amjua kaa aliyejivua gamba. Mwili wake ni laini, naye hujificha, maana adui zake ni wengi. Lakini hana budi kujivua. Gamba halikui; kaa akitaka kukua lazima atoke ndani yake, anywe maji, avimbe, kisha gamba jipya liwe gumu. Je, ni nani amwambiaye kwamba wakati umefika?

Tazameni jicho la kaa. Limesimama juu ya kikonyo, kama tunda. Mwaka 1905 mtaalamu wa Amerika, Charles Zeleny, alikata vikonyo vya macho ya kaa wadogo. Kaa wale wakajivua gamba upesi kuliko wenzao. Macho yana shauri gani na gamba? Baadaye jibu lilipatikana: ndani ya kikonyo mna tezi ndogo, nayo humwaga katika damu homoni isemayo, "Ngoja." Homoni ikipungua, kaa hujivua.

Basi homoni ni mjumbe asafiriye katika damu. Mjumbe huyu wa kaa ni wa aina iitwayo peptidi. Fikirini ushanga uliotungwa katika uzi: kila punje ni asidi amino, na mpango wa punje ndio ujumbe wenyewe. Peptidi ikiliwa husagwa tumboni kama nyama. Ndiyo sababu mgonjwa wa sukari hudungwa insulini kwa sindano, kwani insulini nayo ni peptidi.

Wadudu ni jamaa wa kaa na kamba, nao wana wajumbe kama hao. Nzige arukapo safari ndefu, homoni yenye punje 10 huamuru mafuta yatoke katika akiba ya mwili ili mabawa yapate nguvu. Kamba ana homoni yenye punje 8 inayofanana nayo sana, ila kwake kazi yake ni kubadili rangi ya mwili. Wataalamu walipomdunga nzige homoni ya kamba, mafuta yalitoka vilevile!

Sasa turudi kwenye kikonyo. Mna humo pia homoni izuiayo mayai kukomaa. Mwaka 1943, huko Ufaransa, Panouse alikata vikonyo vya kamba majike, na mayai yao yakakua upesi. Baadaye wafugaji wa kamba katika nchi nyingi walianza kukata au kuminya jicho moja la jike, naye hutaga baada ya siku chache. Faida ni kubwa, maana kamba wengine hutaga kwa shida wakiwa kifungoni. Lakini jike hutaga mara kwa mara mpaka achoke, na mayai ya mwisho huweza kuwa dhaifu. Mimi kazi hiyo siipendi. Wataalamu wanatafuta njia ya kuinyamazisha homoni hiyo bila kugusa jicho, na wafugaji wengine wamekwisha acha kukata.

Mwalimu, waulize wanafunzi: kama kikonyo kimoja kimekatwa, ni nani bado asemaye, "Ngoja"?