Gari Linapolala Upande



Huenda baadhi yenu mkauliza, makarani wana nini na springi za gari? Fundi hulitengeneza gari, lakini karani ndiye aandikaye katika faili ni nani aliyeliharibu. Katika ofisi moja dereva alikatwa mshahara kwa kuwa Land Rover yake, ya zile za zamani, ililala upande wa kulia. Ikaandikwa kwamba alipakia kupita kiasi. Hakuna aliyepima kitu.

Basi na tupime. Gari lisimame tupu mahali palipo sawa, tairi zote zikiwa na upepo upasao. Lisukumwe kidogo mbele na nyuma ili springi zitulie. Kisha tupime kila upande mara mbili: kutoka ardhini hata katikati ya gurudumu, tena kutoka ekseli hata fremu iliyo juu yake. Vipimo vya kwanza vikitofautiana, tuangalie tairi. Vya pili vikitofautiana, tuangalie springi. Lakini bado haijulikani ni ya mbele au ya nyuma, maana springi moja iliyochoka huweza kuinamisha gari zima. Hapo tuzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe, tuinue mbele kwa jeki katikati kabisa ya fremu. Gari likisimama sawa, ugonjwa u mbele; likiendelea kulala, u nyuma. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Wako mafundi wapendao kuongeza bamba moja la chuma katika springi ya upande ulioinama. Sisi hatulipendi jambo hilo: upande mmoja huwa mgumu, mwingine laini. Springi iliyochoka au iliyovunjika bamba ibadilishwe, pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Na zile boliti zipitazo katika bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake; zikikazwa likiwa juu, bushi hujisokota, na upande huo hubaki umeinuka.

Sasa turudi kwa dereva wetu. Land Rover nyingi za namna ile hazina springi sawa kulia na kushoto. Ya upande wa dereva hupindwa zaidi, kwa kuwa hubeba uzito wa dereva, na katika zile fupi huongezeka tangi la petroli chini ya kiti. Walipopima, waliona kwamba springi mpya zilizotiwa karakana zilikuwa zimepishana: ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Mzigo haukuhusika hata kidogo. Zikarudishwa mahali pake kwa kazi ya siku moja, bila kununua kitu.

Makato yalikuwa yamekwisha kufika miezi miwili. Barua ya kuomba arudishiwe fedha zake imeandikwa, na vipimo vyote vimeambatishwa; jibu lingali linangojwa.