Kengele ya Woga

Leo hesabu za kikundi tuziweke kando. Nataka tuongee juu ya woga.

Unarudi kutoka sokoni hapa Ogembo, giza limeshaingia. Jani kavu la mgomba linalia nyuma yako. Unaruka! Halafu unageuka: kumbe ni upepo tu. Sasa, nani alikurusha kabla hujafikiri? Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kijisehemu kadiri ya harage, wataalamu wanakiita amigdala. Ni kama askari wa zamu, na askari huyu hangoji ushahidi. Akipiga kengele, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, miguu inapata nguvu, tumbo linakaza. Sehemu inayopima mambo iko hapa nyuma ya paji la uso, nayo hufika imechelewa kidogo. Mimi simlaumu askari, ametuokoa na nyoka wengi.

Taabu ni kengele isiyozimika. Karo haijalipwa, bonasi ya majani chai ni ndogo, mtoto anakohoa. Nyoka hayupo, lakini mwili unakaa kama umemwona. Mama mmoja alinijia hivyo: halali, moyo unamdunda saa nane usiku. Watu walikuwa wameshamwambia amerogwa, hata jina la bibi jirani limetajwa. Hapo mimi ndiye niliyeogopa.

Maana mnajua ya Marani. Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa kuitwa abarogi. Woga wa mtu mmoja hupoa. Watu hamsini wakisimama pamoja gizani, kila mmoja anasikia kelele za mwenzake na kengele yake inazidi.

Yule mama nilimwambia avute pumzi taratibu, aitoe taratibu zaidi, arudie mpaka moyo utulie. Tukaandika madeni yote kwenye karatasi. Halafu nikamsindikiza hospitali apimwe, kwa sababu moyo kudunda kunaweza kuwa upungufu wa damu au tezi ya shingo, jamani, si wasiwasi tu.

Ninyi wa vikundi nawaomba hivi: mtu akileta jina la mzee usiku, msilijadili. Ngojeni kuche, mwiteni chifu mapema, na wawili wenu wakakae na huyo mzee.

Bibi yule jirani yuko. Jumanne ameniuzia ndizi, na bei amenipunguzia kidogo sana!