Je, Kuuliza Ni Kukosa Imani?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Ndugu wapendwa, katika kutembelea vikundi tumesikia neno moja likirudiwa: "Wewe unauliza sana, huna imani." Basi leo tuzungumze juu ya falsafa na teolojia. Msiogope majina. Falsafa ni kutafuta ukweli kwa akili tuliyopewa sote, Mkristu na asiye Mkristu. Teolojia nayo huanzia kwa yale Mungu aliyotufunulia, halafu hutumia akili hiyo hiyo kuyaelewa.

Miaka ya 1200 jambo hili lilileta taabu kubwa huko Paris, Ufaransa. Vitabu vya Aristotle, Mgiriki aliyeishi kabla ya Kristu, vilikuwa vimefika, vingine kupitia tafsiri za Kiarabu, pamoja na maelezo ya wataalamu Waislamu kama Ibn Rushd. Mwaka wa 1210 maaskofu wakapiga marufuku kufundisha vile vya mambo ya maumbile. Na hofu yao haikuwa ya bure. Aristotle alisema ulimwengu hauna mwanzo, na sisi kitabu cha kwanza cha Biblia yetu chaitwa Mwanzo!

Mtakatifu Thomas Aquinas, mtawa Mdominiko, hakuvitupa vitabu hivyo wala hakuvimeza vizima. Alivisoma, akapima. Akasema hivi: akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulianza, wala kwamba haukuanza. Tunajua ulianza kwa sababu Mungu ametufunulia. Tena akaonya tusilete hoja dhaifu kutetea imani, maana wasioamini watacheka, wakidhani tunaamini kwa sababu ya hoja hizo. Hapo tutulie kidogo. Mtu wa imani kubwa namna hiyo anakubali kusema, "Hili siwezi kulithibitisha." Lakini kwamba Mungu yupo, aliona akili inaweza kufika. Utatu Mtakatifu, hapana. Huo tunaujua kwa kufunuliwa tu.

Alifundisha pia kwamba neno la Mungu lina nguvu kupita yote, lakini hoja inayotegemea tu ukubwa wa mtu aliyeisema ndiyo dhaifu kuliko zote. Haya, wenyeviti mliopo, mmesikia? "Mzee amesema" si jibu wakati akina mama wanauliza hesabu ya fedha za kikundi.

Thomas alifariki mwaka wa 1274. Miaka mitatu baadaye askofu wa Paris alilaani mafundisho 219, na baadhi yalikaribiana na ya kwake. Hata hivyo mwaka wa 1323 Kanisa lilimtangaza mtakatifu, na mwaka wa 1998 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika waraka mzima juu ya imani na akili, akimtaja kwa heshima.

Mkirudi, jadilianeni kikundini: ni mambo gani tumekuwa tukiyaita ya imani, kumbe ni ya kuhesabu, kupima, au kumwita daktari wa mifugo?