Hofu Iliyobaki Mwilini

Somo la leo ni juu ya hofu.

Mtu aliyepigwa sana, au aliyeokoka vitani, hushtuka mlango ukibamizwa. Moyo humwenda mbio, mabega hukaza. Hatari imepita, lakini mwili haujapata habari.

Mwaka 2014 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza habari za wanawake 64 wenye shida hiyo, ambao matibabu mengine hayakuwafaa. Kundi moja lilifundishwa yoga saa moja kila juma, kwa majuma 10. La pili lilipewa masomo ya afya. Mwishoni, katika 31 wa yoga, 16 hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa. Katika 29 wa kundi la pili, ni 6 tu.

Mwalimu wa yoga hiyo haamrishi. Husema, “Ukipenda, inua mkono.” Maana aliyeumizwa alinyang'anywa hiari juu ya mwili wake. Hapa anarudishiwa.

Basi keti. Kanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Vuta pumzi polepole, kisha itoe. Ukijisikia vibaya, acha. Dawa ya daktari usiiache.

Sasa andikeni: “Mwili wangu ni wangu.”

Kwaherini.